Betri Zinazokunywa Maji ya Mvua

Dodoma, Jumatano, baada ya Isha

Leo tena nimefokewa kwa ajili ya betri za taa za stesheni. Bwana mkubwa, Mjerumani wetu, anasema zinazeeka upesi, na mwangalizi wa betri hizo ni mimi.

Kuzitunza nazitunza. Maji ya kisima yana chumvi, kwa hiyo ya mvua yanayotoka kwenye bati hufungiwa kwa kufuli, yawe ya betri tu. Mimi na mke wangu tunakunywa ya kisima.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha: betri usiinyonye mpaka mwisho. Ukiimaliza kila mara, vibao vya risasi vilivyo ndani huota utandu mweupe, na nguvu zake za zamani hazirudi. Itumie nusu, kisha ijaze umeme, ndipo itadumu.

Halafu kila jioni anacheza karata na wenzake chini ya taa hizo hizo mpaka zinabaki nyekundu kama makaa. Leo nilimwomba tuzime mapema kidogo. Akajibu, "Kesho zikififia, viboko hamsa ishirini." Ishirini na tano, vya kwangu, si vya betri.

Nimemsimulia mke wangu. Mgogo yule harembi maneno. Akasema, "Mke mwenzangu wa stesheni anakunywa maji matamu, na bado anakufa kijana. Mimi niachie chumvi yangu."

Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikachungulia dirishani. Taa zimeshaanza kuwa nyekundu, na wao wanagawa karata upya.