Nukta, Aya Mpya

Jumatatu, 6 Machi

Bahasha imerudi. Miaka miwili kasoro mwezi wamekaa nayo kule kwa wachapishaji, na imerudi na gundi yangu mwenyewe. Hawakuifungua! Nimeiweka kwenye meza ya kukatia, nikaendelea kukata sare za kwaya kama vile hakuna kilichotokea. Nimekata mkono mmoja mfupi kuliko mwenzake.

Jioni nikapita kwa baba na dawa zake za presha. Nilitaka pole tu, basi. Yeye akauliza kama wamepiga chapa. Nikamwambia hata bahasha hawajafungua. Akasema basi hicho bado si kitabu, ni makaratasi.

Baba alisimama miaka thelathini na minne kwenye kiwanda cha uchapaji, akipanga herufi za madini ya risasi moja moja kwa vidole. Kwake kitabu ni kitu chenye uti wa mgongo na harufu ya wino. Najua. Lakini kuna siku mtu hataki kufundishwa.

Nimerudi nyumbani nimenuna. Mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja!

Jumatano, 8 Machi

Fundi Simu ameiona bahasha. Huyu ni jirani yangu wa kibanda cha kushoto, mwanamke anayefufua simu zilizozama kwenye ndoo na kwingineko kusikotajika. Hakuniomba ruhusa. Kaichana, kasoma kurasa nne amesimama, huku mteja wake akikohoa mlangoni. Kisha akaniuliza ninamsubiri nani hasa.

Nikashika mkasi, nikaendelea kukata.

Kachukua simu yangu, kafungua kundi, kaliita kwa jina la riwaya: Koti la Mgeni. Dobi wa hoteli anakuta barua kwenye mfuko wa koti, na mwenye koti ameshaondoka. Ndiyo hadithi yenyewe. Kipande kimoja kila Jumatatu, kimoja kila Alhamisi, saa ya chakula cha mchana. Mwandishi: Bi Sindano. Nimeona haya kuweka jina langu.

Tuko kumi na mmoja. Wateja wanane, wifi yangu, Fundi Simu, na mimi mwenyewe.

Jumatatu, 13 Machi

Kipande cha kwanza. Nimebonyeza, nikaizika simu chini ya vitambaa. Roho juu! Nusu saa sijaigusa.

Wifi kaweka kidole gumba. Wengine kimya. Halafu Mama Harusi, anayeshonewa gauni la harusi ya bintiye, akaandika: Halafu?

Neno moja tu. Nimelisoma mara ishirini.

Jumamosi, 1 Aprili

Mia tatu na sita! Wateja wameleta ndugu, ndugu wameleta wafanyakazi wenzao, na hao wameleta watu ambao sijui hata wanaishi upande gani wa dunia. Yupo dereva wa lori anayesoma akiwa kwenye foleni ya mpakani. Yupo muuguzi aliyeniomba nisimuue dobi, kwani yeye anaona vifo vya kutosha kazini.

Nikavimba kichwa. Nikampelekea baba simu, na kipande cha sita kimeshafunguliwa, kile ninachokipenda kuliko vyote. Alikuwa kwenye kiti chake, gazeti mapajani kama kawaida. Nikamwekea simu mkononi. Kaisogeza mbali, kaisogeza karibu, kaitazama kitambo, kanirudishia.

"Hakina uti, mwanangu."

Chai sikuimaliza. Kwani angesoma mistari mitatu tu angepungukiwa nini?

Jumanne, 18 Aprili

Sare sitini za kwaya, gauni la harusi, na vipande viwili kwa wiki. Maji yamenifika shingoni. Mikono ni miwili, na yote miwili iko kwenye cherehani.

Nimepata njia! Nimeegemeza simu kwenye kopo la vifungo, najirekodi nikishona. Nasema kipande chote kwa mdomo, huku nikiurekebisha mswada, na saa ya mchana nakaa nakiandika upesi upesi. Ili nisihangaike baadaye, nasema na alama zote: mkato, nukta, fungua usemi, funga usemi, aya mpya.

Hilo nililitoa kwa baba. Nilipokuwa darasa la tano alikuwa anakuja nyumbani na kurasa za majaribio. Mimi nasoma mswada kwa sauti, na kila alama iliyomo, yeye anafuata kwenye karatasi na kalamu nyekundu. Kazini walifanya hivyo hivyo, wawili wawili. Mmoja waliita kinywa, mwingine jicho. Nimewahi kuwa kinywa cha mwongozo mzima wa trekta.

Alhamisi, 27 Aprili

Nimekwisha! Nimekwisha kabisa!

Badala ya kutuma maandishi nimetuma rekodi. Ile mbichi, dakika kumi na saba, cherehani ikinguruma, mimi nikisema mkato na nukta kama kichaa. Si hayo tu. Katikati Mama Harusi aliingia kupimwa gauni lake mwenyewe. Sauti yangu inasikika vizuri kabisa: "Kiuno kimeongezeka inchi mbili, mama. Nukta."

Nilikuwa nimeshasema nukta mia tatu, mdomo ulishazoea!

Niligundua saa nzima baadaye. Nikaifuta. Fundi Simu akacheka mpaka akashika ukuta, akasema ninafuta nini wakati imeshasambaa makundi yote.

Mama Harusi naye yumo kundini. Ameandika mbele ya kadamnasi: Inchi moja na nusu.

Nimefunga duka mapema.

Ijumaa, 28 Aprili

Nilitegemea kukuta wamehama. Jumbe mia mbili na kumi na tisa! Dereva anasema ni mara ya kwanza amepata kipande bila kuegesha lori. Mpishi wa kantini moja kakisikiliza akimenya viazi, na wenzake wakazima redio. Muuguzi kawawekea wagonjwa wodi nzima, na kuna bibi amekataa sindano mpaka barua isomwe yote. Wanataka sauti. Nikasema nitajirekodi vizuri, mahali palipotulia. Wakakataa! Wanataka na cherehani.

Na sasa kila mtu anaandika nukta. "Nimefika salama, nukta." "Mume wangu amenuna, nukta, aya mpya."

Kundi limejaa, halipokei mtu tena. Fundi Simu amefungua chaneli. Tangu asubuhi watu elfu moja na mia nane wameingia. Nimemwomba anihesabie tena. Amehesabu. Ni kweli!

Jumatatu, 8 Mei

Leo lazima niandike yote, hata mkono ukiuma.

Nimefika kufungua duka, baba yuko kwenye benchi la wateja. Fimbo, kofia, viatu vimepigwa dawa. Hajaja hapa tangu mwaka jana. Nikadhani kuna msiba. Hakunisalimu hata.

"Kipande cha Alhamisi," akasema. "Pale dobi anapolirudisha koti. Ulifungua usemi, hukuufunga."

Nikauacha ufunguo kwenye kufuli.

Habari kamili nimeipata kwa Kinyozi, wa ng'ambo ya barabara. Siku hizi saa ya kipande anaweka spika mlangoni, na wateja hawaondoki. Alhamisi baba alikwenda kunyolewa. Alipomaliza kunyolewa hakuinuka kitini. Aliposikia fungua usemi akaomba wote wanyamaze. Kilipokwisha akataka kirudiwe. Kisha kikarudiwa tena. Kinyozi anasema mzee alikuwa anatikisa kidole kwenye mkono wa kiti kila nukta ilipotajwa, na hakuna aliyethubutu kumhimiza.

Basi, pale kwenye benchi baba akaniuliza: kinywa amekisikia, jicho ni nani? Nikamwambia hakuna, baba, niko peke yangu. Akakunja uso. Akasema hakuna kitabu kilichowahi kutoka mikononi mwake bila watu wawili.

Amekiita kitabu! Kitabu! Nilisikia vizuri, lakini nikajikausha, nisije nikakifukuza. Nikatoa upesi mswada wa kipande cha leo, na kalamu nyekundu ya kuchorea vitambaa, nikamwekea mkononi. Nikasema basi jicho liwe yeye.

Akapitisha kiganja juu ya karatasi. Mara moja, taratibu, kama mtu anayenyoosha shuka. Akanirudishia.

"Jicho siwezi tena, mwanangu. Naona ukungu tu."

Tangu lini? Tangu mwaka jana, kabla ya mvua za vuli, na kila mwezi unazidi. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwake anatembea kwa mazoea, amezijua kuta; huku amekuja kwa fimbo na kuulizauliza. Na lile gazeti la mapajani? La mwezi wa kwanza! Miezi minne analishika lile lile, mimi naingia na kutoka na dawa za presha, sijaona. Na simu niliyomwekea mkononi. Kaisogeza mbali, kaisogeza karibu. Alikuwa anatafuta herufi hata moja.

Mimi nikanuna. Nikaacha chai.

Nimelia, na sikujificha. Yeye akasema nisilowanishe gauni la watu. Nikamwambia kama hawezi kuwa jicho atakuwa sikio. Akasema kazini hakikuwepo cheo cha namna hiyo. Kisha akauliza kiti chake kitakaa wapi.

Ijumaa, 12 Mei

Sikio hili ni balaa! Jana kanirudisha mara nne kwenye ukurasa mmoja. Eti dobi alikuwa amefunga dirisha, sasa upepo wa kupeperusha barua umepitia wapi? Kweli. Nimeiandika riwaya hii miaka mitatu na sikuliona hilo dirisha. Kagombana na Mama Harusi pia, kwa kuongea wakati wa kurekodi, na wasikilizaji wameupenda ugomvi kuliko hadithi.

Wifi kampeleka kwa daktari wa macho. Wamempa tarehe ya upasuaji mwezi ujao, jicho la kulia kwanza. Hatoi ahadi, daktari, ila hakukunja uso.

Na hili je? Namba ngeni imeniandikia kwa adabu sana. Anafanya kazi kule kule kwa wachapishaji, bahasha ilikotoka. Nikajua sasa wanataka mswada, nikaanza kupanga jibu la kuwakata maini. Wala! Anauliza kipande cha kumi na tisa kinatoka saa ngapi, maana ofisi nzima inasubiri.

Nimejibu: Jumatatu, saa ya chakula. Nukta.

Alhamisi, 25 Mei

Siku ya kipande cha mwisho. Chaneli ina watu elfu sita mia nne. Fundi Simu amefunga kibanda chake, amekaa sakafuni na waya zake. Kinyozi ameshatoa spika. Naona mabenchi yamejaa hadi nje, wengine wamesimama na mataulo shingoni.

Tumerekodi asubuhi. Nimesoma vizuri kuliko siku zote, najua hivyo, sijifichi. Barua imefika ilikotakiwa kufika. Dobi hajafa. Nukta ya mwisho nimeitaja nikisimamisha cherehani.

Kule kiwandani ukurasa wa mwisho ukishasikilizwa, ukiwa hauna kosa, jicho husema neno moja: piga. Ndipo mashine inaanza. Bila neno hilo hakuna anayegusa kitu. Kwa hiyo saa ya kutuma ilipofika nikamgeukia baba. Kidevu kwenye fimbo. Fundi Simu kidole tayari.

"Bado," akasema.

Nikauliza wapi nimekosea. Akasema mwisho hauna kosa, kosa liko mwanzo. Vipande ishirini na viwili, na ukurasa wa kwanza haujasomwa. Jina la kitabu, jina la mwandishi. Huyu Bi Sindano ni nani?

Nikasema ni mimi, baba.

"Mimi najua. Wao hawajui. Sema jina lako lote. Lako, kisha langu."

Nikamuuliza, kwa miaka yote ile, vitabu vyote vile, jina lake liko kwenye vingapi? Hakuudhika. Akasema mpanga herufi haandikwi, ndivyo ilivyokuwa. Kisha akaomba maji, koo limemkauka, utadhani yeye ndiye anayesoma.

Naandika haya akinywa. Saa ya chakula imepita kwa dakika nane. Simu inatetemeka haiachi. Mama Harusi anagonga mlango, harusi ni keshokutwa, gauni linataka pindo. Baba kamjibu kabla yangu, bila kugeuka: asubiri, kitabu kinatoka.

Fundi Simu ameniangalia. Mimi nimeangalia daftari.

Anaweka glasi chini. Anapapasa kofia, anaiweka sawa, anafunga kifungo cha juu cha shati. Haya. Jina langu, kisha lake —