Suti Iliyoachwa Wazi Mgongoni

Yeoville, Johannesburg
Agosti 2017

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Léocadie,

Pokea salamu zangu zenye hamu nyingi. Natumaini wewe, shemeji na watoto mnaamka salama huko Bukavu, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Najua unachosubiri: nilikuambia namwacha Damien narudi nyumbani, kisha nikanyamaza. Basi keti nikueleze.

Unajua Damien analinda nyumba moja kule mtaa wa Observatory. Mwezi wa tano alihamia humo Mwingereza, Bwana Lionel, mzee mrefu mwenye sura ya mtu aliyenyimwa chakula. Tangu hapo mume wangu alibadilika. Hata siku zake za mapumziko alikuwa anakwenda huko, na akirudi kola ina poda. Nikimuuliza, anasema ni vumbi. Yaya, mimi fundi cherehani nisijue vumbi? Dalili ya mvua ni mawingu. Nikajua kuna mwanamke.

Lois, Mkenya wa benki ninayemshonea magauni, ndiye aliyenipa habari za huyo mzungu. Alisema kwao ni mwigizaji na mtunzi wa vichekesho, tena vichekesho vya misiba. Alianza kwenye vilabu vya pombe, akapanda hadi televisheni. Ameigiza mchimba makaburi, daktari muuaji, hata padri aliyekosea akazika maiti ya watu wengine, na nchi nzima ikavunjika mbavu. Halafu watu wakamchoka, kipindi chake kikafutwa. Lois alisimulia huku anacheka. Mimi sikucheka. Mtu aliyepata jina kwa matanga ya watu, jina likizimika ataliwasha kwa kitu gani? Si tumesikia sote habari za wanaotoa watu kafara ili wawe maarufu?

Mara akaja Bwana Lionel mwenyewe dukani kwangu na karatasi ya vipimo. Alitaka suti nyeusi, iwe wazi mgongoni kuanzia kola hadi chini. Unajua nguo ya hivyo huvalishwa maiti, asiyeweza kuinua mikono. Na vipimo vilikuwa vya Damien, hadi bega la kushoto lililoshuka. Nilimuuliza suti ni ya nani. Akanijibu kwa upole kwamba mwenyewe hatalalamika hata ikimbana. Hakutabasamu.

Nilimuuliza Damien, akakwepa. Niliishona hata hivyo, maana ningekataa angepeleka kwingine nami nisijue siku yenyewe. Asubuhi aliyokuja Bwana Lionel kuichukua, niliwapitia kina mama wawili wa kanisani, tukamfuata hadi kwake. Tulikuta geti wazi. Sebuleni palikuwa na jeneza, na ndani yake Damien, uso mweupe, amevaa suti yangu.

Yaya, taa sikuziona wala kamera. Nililia kama tunavyolia kwetu, nikisema na maiti ana kwa ana. Nilimwambia alikuwa mume mwema, hajawahi kuniinulia mkono, na maneno yangu ya mwanamke wa nje yalikuwa ujinga mtupu. Kina mama wakaitikia kwa vilio. Ndipo likanitoka nililoficha hata kwako: kwamba ananiacha na mimba yake.

Maiti akaketi. Suti ikamwangukia magotini, naye akauliza kama ni kweli. Kina mama walitoka mbio, mmoja kaacha kiatu.

Kumbe anaigiza maiti katika kichekesho kipya cha Bwana Lionel. Alinificha kwa sababu alijua ningemkataza kujichuria kifo. Kisha akaungama kwamba sauti yangu aliitambua tangu mlangoni, ila alifumba macho kusudi ili asikie namsifu. Nilimzaba kofi humo humo ndani ya jeneza.

Bwana Lionel anaomba ruhusa aiache filamu kama ilivyotokea. Sijamjibu, yule mzee bado simwamini. Lakini sirudi tena nyumbani, Yaya. Nisamehe kwamba habari za mimba wamezisikia wageni kabla yako. Kinachonitia hofu ni kwamba mtoto amesikia msiba wa baba yake akiwa bado tumboni. Nilipomwambia Damien, aliweka mkono hapo akasema mtoto huyu hakusikia msiba, amemsikia baba yake akifufuka.

Wasalimie wote wa nyumbani, na utuombee watatu.

Ni mimi mdogo wako,
Célestine