Mlango Ufungwe kwa Nje

2 Februari

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Miguu imepungua kuvimba? Huku Mama na Baba wazima, nami nipo tu.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Nikija kwako huwa sitoi sauti. Nachezesha midomo tu, maana maneno yakipita kooni yanakwama, na darasani wananiita Redio Mbovu. Kwako hayakwami. Miaka yote hii nimekaa jikoni kwako nikipiga soga kama kasuku, kimya kabisa.

Sasa Baba amenituma na naona haya. Amechoka kutufundisha historia ya kukariri tarehe. Anasema iingie puani na masikioni. Stoo ya nyuma ya maabara ameifanya chumba cha giza, kina spika kubwa, na anataka tuingie humo kama tunaingia kiwanda cha nguo siku ya moto. Wewe ulikuwamo. Kilinukaje? Kilisikikaje? "Muulize wewe," kaniambia, "mimi hanipendi." Nikasema simu husikii. "Si ndiyo maana kuna kalamu?"

Mwanao

15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Miguu ni yangu, niachie mwenyewe.

Siri yako naijua tangu ukiwa na mapengo. Koo lako lilikuwa halichezi. Nilidhani unayaheshimu masikio yangu.

Mwambie baba yako hivi. Zile mashine hazikusikika, zilipanda kwa miguu mpaka meno yakagongana. Vumbi la pamba lilijaa puani, ukipenga unatoa uzi. Harufu ni mafuta ya mashine na jasho. Hakuna kuongea. Tulisomana midomo, mmoja huku mwingine kule, tukimsengenya msimamizi naye kasimama katikati yetu. Ndiko nilikojifunzia, na masikio nikayaacha huko huko.

Siku ya moto mlango mkubwa ulikuwa umefungwa kwa nje, kama kila siku, tusije tukatoka na vitambaa. Mdogo wetu wa mwisho, mama yako mdogo ambaye hukumwona, alikuwa mgeni kazini. Nikamwambia kwa midomo: mlango umefungwa, njoo dirishani. Alikuwa hajajua kutusoma. Akadhani ni utani wetu wa siku zote, akacheka, akakimbilia mlangoni. Sikupiga kelele, mwanangu. Mle ndani nilikuwa nimeshasahau kwamba mtu hupiga kelele.

Nitakuja mnirekodi. Sharti langu moja: mlango ufungwe. Kwa nje. Wakae humo wasijue utafunguliwa lini. Asiyetaka hivyo asiichukue sauti yangu.

Mama Mkubwa wako

9 Aprili

Mama Mkubwa,

Shikamoo, na pole kwa ile safari ya kuja kurekodi. Baba bado anaisikiliza sauti yako hata wakati wa kula.

Jana tuliingia. Baba akafunga kwa komeo. Sakafu ikatetema, mafuta yakanuka, kisha ukaanza wewe. Yule mchekeshaji aliyenibandika Redio Mbovu akasema, "Jamani, nani kajamba?" Watu wakaangua kicheko. Ulipofika kwa mama mdogo, ni yeye huyo huyo aliyeupiga mlango kwa viganja akimwita mama yake. Tulipotoka msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, ufunguo alikuwa nao nani?" Kwenye vitabu, vile vya Kiingereza, tumeusoma moto huo mara ngapi na hatukuwahi kuuliza. Baba alifuta miwani muda mrefu.

Mwezi ujao ni uzinduzi. Spika zimetolewa na wenye kiwanda, nao watakuja. Mama anasema wakiridhika Baba atapewa ukuu wa shule. Uje, nitakaa nawe.

Mwanao

20 Mei

Wewe,

Mimi mzima.

Nilivua viatu nisikilize kwa nyayo. Sakafu ilikuwa imelala. Mlango hamna, mmetundika pazia. Harufu ya sabuni. Spika nikazishika, zinapumua kama paka. Nikamwuliza mama yako sauti yangu inasema nini. Akatazama chini kwanza. Kumbe nasema tulikuwa tukitaniana na kucheka, basi. Hapo mmenikata.

Mgeni mwenye tai akasema, "Kumbe kazi ilikuwa raha!" Kisha akamwuliza baba yako kama mimi sitakwazika. Baba yako akageuka pembeni akanong'ona. Mtu ananong'ona mbele yangu! "Yule hasikii. Hatajua."

Nawe ulikuwa ubavuni kwake. Midomo yako niliisoma pia. Haikuwa na neno.

Itoeni sauti yangu humo. Mpaka itoke, usiniandikie.

Dada wa mama yako

3 Juni

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Sikuulizi hali, sina uso huo.

Sauti imetoka. Leo Baba aliwaingiza wadogo wa kidato cha kwanza, nami nikiwa msaidizi wake. Ulipofika pale pa kucheka nikachomoa flashi. Nikasema, "Ha-ha-haikuishia hapo." Wakacheka. Baba akasema, "Kaa chini." Sikukaa. Niliyasema yote, komeo na dirisha na mama mdogo, kwa kukwama hivyo hivyo, na ilichukua karibu kipindi kizima. Hakuna aliyeniokoa. Mwisho hawakuwa wakicheka.

Mezani Baba hakunitazama. Alimwambia Mama, "Mwanao ameninyang'anya shule." Mama akajibu, "Wewe ulimnyang'anya dada yangu mdogo wetu." Chakula kikapoa.

Flashi ipo ndani ya bahasha hii, na humo nimeirudisha sauti yako nzima, isiyokatwa. Anaitafuta. Begi langu ameshalipekua. Nasikia ndala zake koridoni. Tangu nianze kuandika, kila akipita nafunika karatasi kwa daftari la hesabu. Safari hii daftari nimelisukuma pembeni. Kwenye karatasi hii maneno yake yameandikwa kama alivyoyasema, atayasoma kabla yako.

Wewe sijui hata kama utaifungua bahasha.

Ameingia. Bado naandika.

Mwanao, ukinikubali