Kijapani cha Bibi Yake Hana

Jumapili, 1 Juni 2025

Misa ya kwanza. Baridi ya kukata masikio – upepo wa Juni huu hauna adabu. Tumerudi mbio kwa ajili ya simu. Saa nne yetu asubuhi ni saa kumi jioni kule Japani, ndio muda anaopiga mwanangu Flavian kwa video.

Wiki nzima nimefanya mazoezi ya neno moja: genki? Yaani, hujambo? Nimelisema jikoni, nimelisema njia nzima ya kanisani. Uso wa Hana ulipotokea – nywele zimekatwa sawasawa juu ya nyusi, jino moja la mbele halipo – mdomo wangu ukagoma. Nikasema, "Hujambo, mjukuu wangu." Kwa Kiswahili, ambacho hakijui. Akakimbia. Nikabaki naangalia kiti.

Adriano akaninyang'anya simu na kupiga kelele: "Konnichiwa!" Ndilo neno lake pekee, analitumia asubuhi mpaka usiku. Mtoto akarudi! Akacheka! Mume wangu haogopi kitu. Miaka sita tangu mtoto azaliwe, bado anatania: "Jina gani hilo? Hana – hana nini?" Nimemweleza mara mia kwamba kwa Kijapani ni ua. "Basi ua langu hana baya," anasema. "Mwambie ndiye mke wangu mdogo." Atafute mwingine wa kumtafsiria hayo.

Habari kubwa: wanakuja Agosti! Flavian, mkewe Chizuru na Hana. Wiki mbili. Nimefurahi mpaka nikaogopa.

Alhamisi, 5 Juni 2025

Jenifa wa jirani, yule fundi simu wa sokoni, ameniwekea masomo ya Kijapani kwenye simu. "Mwalimu, wewe ongea tu, simu itakusahihisha."

Hapo ndipo shida ilipo. Kuandika naandika – herufi zao za mwanzo arobaini na sita nimezimaliza, zinapendeza. Irabu kama zetu kabisa, a, e, i, o, u. Lakini kuongea? Kila nikikosea simu inalia kama chura. Adriano kule nje: "Mama Flavian, umekosa tena?" Nimezima sauti.

Mwalimu wa Kiswahili miaka thelathini na minne, naogopa simu!

Jumamosi, 14 Juni 2025

Siku mbaya. Adriano kaanguka na baiskeli akitoka mashineni kusaga. Unga wote chini. Mguu umevunjika, wamemfunga POP, wamemlaza mpaka Jumatatu. Mwenyewe anaomba uji wa ulezi wenye maziwa, kwa hiyo atapona.

Flavian akapiga. Hana alikuwa karibu, akauliza kitu, nikasikia "jiji" – ndivyo anavyomwita babu yake. Nikajua anamuulizia. Nikajikaza. Neno la hospitali nalijua, nimeliandika mara ishirini! Nikasema babu yuko biyooin.

Hana akakunja uso. Halafu nikaona Chizuru kaziba mdomo, mabega yanatikisika. Flavian: "Mama... hospitali ni byooin. Wewe umesema babu yuko saluni."

Saluni! Na kile kipara!

Wakacheka wote watatu. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao haukuwa na shida yoyote.

Jumapili, 15 Juni 2025

Nimempelekea Adriano uji. Nimemsimulia. Kacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia. "Waambie nimesuka rasta!"

Mimi sikucheka. Leo Flavian alipiga mara mbili, sikupokea.

Jumatano, 25 Juni 2025

Flavian ametuma ujumbe wa sauti. Sauti ya mtoto, nyembamba: "Bibi. Shikamoo." Basi. Sekunde tatu. Nimeisikiliza hata sijui mara ngapi. Nimewasha tena sauti ya masomo. Chura na alie.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Wamefika! Basi la kutoka Mbeya, saa tisa na nusu. Chizuru kapiga magoti kunisalimia hapo hapo stendi, kwenye vumbi – nani kamfundisha? Flavian kanenepa. Hana mdogo kuliko kwenye simu, kajificha nyuma ya begi. Nilikuwa nimeandaa sentensi nne nzuri. Zote zikapotea. Nikamshika mkono tu. Wa baridi kama kisima.

Adriano na fimbo yake: "Konnichiwa!" Wakacheka. Ndani ya dakika tano mtoto yuko kwenye baiskeli ya babu, anapiga kengele.

Nawaonea wivu wote wawili, babu na mjukuu.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Siku mbili na Hana hajanitamkia neno. Namsikia anamnong'oneza mama yake. Nikiingia, kimya.

Jioni nikamkuta Flavian peke yake anapukuchua mahindi. Nikamuuliza taratibu: mbona hukumfundisha mtoto Kiswahili? Miaka sita!

Akaendelea kupukuchua. Halafu akasema, "Nilitaka ajue vizuri kwanza, Mama, ndipo nimlete kwako. Kila mwaka nikaona bado hajajua vizuri."

"Kwani mimi ningemla?"

Akacheka kidogo. "Mama, mimi nilikuwa darasani kwako."

Nikakumbuka. Darasa la nne. Kasema "mpila". Mimi, mama yake, nikamsimamisha mbele ya wenzake aseme "mpira" mpaka aliweze. Watoto arobaini wanacheka. Nilitaka wasiseme mwalimu anapendelea. Miezi mingi baada ya hapo hakunyoosha mkono. Niliona. Nikadhani ni adabu.

"Na Hana umemwambia?"

"Nilimwambia bibi ni mwalimu mkali. Ilikuwa utani. Kumbe alishika. Ile shikamoo alirekodi mara kumi na moja."

Nilitaka kumwomba msamaha mwanangu. Maneno yakakwama – tena kwa Kiswahili! Nikamuuliza kama ameshiba. Akasema ameshiba, Mama. Tukapukuchua mpaka debe likajaa.

Jumanne, 12 Agosti 2025

Asubuhi nimemwambia. Jikoni, bila mpango, sufuria mkononi. "Flavian, ule mpira. Nilikosea." Akasema, "Yamepita, Mama." Akachukua sufuria, akaosha. Alikuwa na machozi, au moshi, sijui.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Flavian na Chizuru wameondoka alfajiri kwenda Kirando kumsalimia shangazi yake, warudi jioni. Gari la kuazima. Hana alitapika njia nzima kutoka Mbeya, hakutaka gari tena, kabaki. Chizuru alimweleza: jioni. Nilimsikia.

Mchana ulikwenda vizuri. Kala wali na dagaa, vichwa kaviondoa. Kalisha kuku. Bado kimya.

Saa kumi na moja simu. Flavian. Gari limekufa mbele ya Namanyere, kifaa kitaletwa kesho, watalala hapo. "Mama, nipe Hana nimwele—" Ikakata. Nikapiga, haipatikani. Tena, haipatikani. Chaji imekwisha, bila shaka. Chizuru simu yake kaiacha chumbani.

Mtoto alikuwa amevaa viatu, amesimama getini, anaangalia barabara.

Adriano akaniangalia. "Sema wewe. Mimi ni wa konnichiwa tu."

Kimasu, anakuja. Kimasen, haji. Silabi moja! Nikikosea, nimemwambia mtoto wa miaka sita mama yake haji tena. Nikaenda getini, nikachuchumaa. Nikasema: Mama kyoo kimasen. Leo haji. Mdomo wake ukaanza kucheza. Haraka, haraka: Ashita kimasu! Kesho anakuja! Ashita, ashita, kimasu!

Akaacha kuangalia barabara, akaniangalia. Halafu akasema sentensi ndefu – ndefu! Ya kwanza kwangu mimi. Sikuambulia hata neno.

Nikasema wakarimasen, sielewi. Nilikuwa nalijua neno hilo tangu Juni. Sikuwahi kulitamka.

Akavuta pumzi. Akarudia, polepole.

Wakarimasen, mjukuu wangu.

Tumeingia ndani. Nimekaa mezani, naandika haya ili nipoe. Amevuta kiti karibu, bega lake kwenye mkono wangu, mwandiko unapinda. Anarudia mara ya tatu. Sasa anaonyesha kwa vidole: kitu kikubwa, halafu kidogo, halafu – kuku? Blanketi? Anataka na mimi nionyeshe. Anavuta mkono wenye kalamu, ngoja