Tangi la Lori na Jina la Kazungu

Ijumaa, baada ya Magharibi. Upepo hakuna. Ukuta wa chumba bado unarudisha jua la mchana, na mimi nina hasira tangu alfajiri. Sitangoja zipoe. Zikipoa nitaandika kwa adabu, na leo adabu haina kazi hapa.

Nianze na lori, maana ndilo lililotufikisha hapa.

Marehemu baba alilinunua likiwa tayari limechoka. Akaliandika nyuma HASIDI HANA SABABU kwa rangi nyekundu, akalitumikisha mpaka alipofariki. Sasa ni letu watatu: mama, mimi, na kaka yangu anayeishi Mtwapa. Linabeba nyanya za wakulima wa Jilore kuzileta soko la Malindi. Dereva ni Kazungu. Alianza kama utingo wa baba, akafundishwa usukani na baba, na siku ya maziko alikuwa mmoja wa walioshuka kaburini kumpokea. Kaka yangu siku hiyo alikuwa anazungumza kwenye simu.

Tangu kaskazi kuanza, lori limekuwa likizima njiani. Halizimi ovyo. Jumamosi linawaka vizuri, linapakia, linafika kilima cha kwanza, linakohoa, linatoa moshi mweupe, linanyamaza. Kazungu anafungua chujio, anamwaga maji, anapiga pampu ya mkono kutoa upepo, linawaka tena. Likishafanyiwa hivyo safari kadhaa linakaa sawa wiki nzima. Jumamosi ijayo, yale yale.

Fundi wetu ni mtu wa kubadilisha. Kabadilisha chujio. Kabadilisha pampu. Kabadilisha mipira yote inayopitisha mafuta. Asingezuiwa angebadilisha na dereva. Kila nilipomwambia ashushe tangi alinitazama kama anayemtazama mtoto anayeuliza jua linalala wapi. "Mwalimu, tangi ni debe tu. Debe lina ugonjwa gani?" Nimestaafu kufundisha, sijastaafu kufikiri, lakini gereji ni msikiti ambao mwanamke hasikilizwi hata akiadhini.

Jumamosi iliyopita lori lilizima na nyanya zikaiva mpaka zikapasuka juu ya turubai. Jumapili kaka akaja.

Hakuja nyumbani kwanza. Alikwenda moja kwa moja sokoni, akamkuta Kazungu anasaidia kuchambua zilizosalimika, na mbele ya wapagazi, mbele ya akina mama wa Jilore ambao mazao yao ndiyo yaliyooza, akapaza sauti: "Huyu anauza dizeli njiani, halafu anajazia maji. Mwizi ni huyu hapa!" Haikumtosha. Akaongeza, "Watu wa mashamba ndivyo walivyo. Ukiwapa mkono wanachukua na bega."

Kazungu alitoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya boneti, akaondoka kwa miguu.

Jumapili hii kaka anarudi. Anataka tukae kikao cha familia, Kazungu afukuzwe rasmi, na dereva wake mpya kutoka Mtwapa ashike usukani. Na kila mtu hapa anajua maana yake. Dereva aliyeitwa mwizi wa dizeli Malindi hapewi lori jingine. Hapewi hata mkokoteni.

Nimesoma vitabu vingi juu ya dhuluma, vinene na vyembamba, na yote niliyoyasoma niliyaona pale sokoni kwa muda wa kutafuna tende moja. Mwenye mali anapata hasara. Anatazama huku na huku. Aliye karibu na aliye maskini, huyo ndiye mwizi. Hakuna anayeuliza tangi lina nini ndani, maana tangi ni letu.

Jana nilikwenda gereji nikaketi juu ya tairi. Nikamwambia fundi siondoki mpaka tangi lishuke. Kazungu naye alikuja, hakuna aliyemwita. Alivaa shati lake la kwenda kanisani, akasimama pembeni, mikono nyuma.

Tangi likashushwa, likamwagwa kwenye beseni. Ilitoka dizeli. Halafu yakatoka maji, maji matupu, mengi kuliko aibu ya fundi. Halafu kutu, tope jeusi, na mwishoni ule mdomo wa bomba unaofyonza mafuta, umezibwa na kitu laini. Fundi akakivuta kwa waya. Karatasi. Nyingine. Nyingine tena, zimelowa, zimekunjwakunjwa.

"Mwalimu," akasema, "lori lako linasoma kuliko wewe!"

Gereji nzima ikacheka. Akaikunjua moja juu ya kiganja, na kicheko chake kikakatika. Alifuta mikono kwa suruali. "Astaghfirullah. Haya ni maandishi."

Mistari ya manjano, imefifia. Zafarani. Nikaijua papo hapo, maana nimelelewa kwa hiyo: nilipougua utotoni mama aliniletea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani, zikaloekwa kwenye maji, nikanywa na nikalala. Sikejeli aya. Aya hazina kosa. Lakini kombe ni la mgonjwa mwenye koo, si la injini yenye pampu.

Nilizipokea karatasi zile kwa kitambaa safi. Na hapa niseme jambo ambalo lingeniwia rahisi kulificha: kwa muda wa pumzi moja nilimtazama Kazungu, nikafikiri, kwao kuna waganga. Kazungu Mkristo, ambaye hajui herufi moja ya Kiarabu! Sumu ya kaka ilikuwa imenifikia hata mimi. Aliona nilivyomtazama. Akageuza uso.

Leo alfajiri, baada ya kuswali, nilisikia makubazi yakiburuzwa uani, pale lilipolala lori baada ya kusukumwa kutoka gereji bila tangi. Nikatoka.

Mama alikuwa amesimama kando ya lori, amejifunga leso yake ya kuswalia, chupa mkononi, ameinama kwenye ile nafasi ambapo tangi lilikuwa. Anapapasa hewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tangi liko wapi?"

"Liko kwa fundi."

"Sasa hii nitaitia wapi?"

Nilitaka kucheka, nikataka kupiga kelele. Nikamuuliza ni nani aliyempa.

"Kaka yako. Kila akija ananiletea, kutoka kwa maalim wake huko Mtwapa. Nitie kila Ijumaa, na karatasi zake, zisibaki. Amesema lori lina kijicho. Kila likizima, ndiyo inabidi niongeze." Akaishusha sauti. "Na amesema wewe usijue. Utaligeuza makala."

Basi na liwe makala.

Kaka yangu! Anayevaa saa mbili, moja ya kuhesabu hatua zake. Anayetuhubiria kwenye simu juu ya uwekezaji, na anayewacheka wazee wa Jilore kwamba ni washirikina. Maji aliyapeleka mwenyewe kwenye tangi kwa mkono wa mama yake, halafu akasimama sokoni akamwita mtu mwingine mwizi kwa sababu ya maji hayo hayo. Sidhani alikusudia. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Mwovu hupanga, na mipango yake unaweza kuigundua. Mpumbavu mwenye sauti kubwa huwezi kumkinga hata mtu mmoja naye. Na sisi watu wa mji huu tumemlea. Barabara ikiharibika, kijicho. Mtoto akifeli, kijicho. Duka likifungwa kwa uvivu wa mwenyewe, husuda ya jirani. Tuna hasidi kwa kila kitu, na hatuna mtu hata mmoja wa kufungua kifuniko akachungulia.

Ninakiri nilifurahi. Nilimshika mama mkono kumrudisha ndani, na moyoni nilikuwa tayari kwenye kikao, nimeiweka chupa mezani, namtazama kaka akimeza mate.

Mama alinisoma. "Usimwaibishe ndugu yako. Aibu ya mmoja ni ya nyumba nzima."

"Na aibu ya Kazungu, mama, ni ya nyumba gani?"

Akamimina chai yake, hakuinywa. Akasema, "Mwite aje ale nasi mchana."

Kazungu alikuja. Mama hakungoja anawe mikono. Alisimama, mtu anayeumwa magoti, akamwambia: "Mwanangu, maji ni mimi. Nilikuwa naliombea lori, na wewe uliye ndani yake. Nisamehe."

Kazungu akaangalia chini. "Kaa, mama, usisimame. Wewe sina neno nawe. Hata baba alikuwa analinyunyizia marashi usukani, mie nikapiga chafya mpaka Jilore." Mama akatabasamu kidogo. Kisha Kazungu akaweka kijiko chini. "Lakini mimi niliitwa mwizi sokoni. Sikuitwa jikoni."

Mama aliifunika sahani yake.

Mama akanigeukia. Nilikuwa tayari kwa machozi, kwa dua, kwa yale ya nyumba na ndugu. Akasema, "Basi andika. Mimi nitaje. Kaka yako usimtaje jina, atajitaja mwenyewe."

Nimeandika.

Tangi limeoshwa, limekaushwa, limerudi mahali pake, na kifuniko nimekitia kufuli. Ufunguo wa kufuli anao mama; ametaka mwenyewe. Ufunguo wa lori bado uko kwangu, kwa sababu Kazungu amekataa kuupokea jikoni. Ana haki.

Kaka, najua unasoma humu, kwenye ukurasa wangu. Unasoma kwa siri, kama ulivyoleta chupa kwa siri. Kikao cha familia hakitakuwapo nyumbani. Jumapili asubuhi sote tutakuwa sokoni, pale penye nyanya: mama, mimi, Kazungu, na wale wale wapagazi na akina mama wa Jilore. Karatasi nimezihifadhi kwa heshima na sitazionyesha. Chupa itakuwa kwenye mkoba wangu, na kama itatoka au haitatoka, hilo liko kwako.

Uje bila dereva mpya. Uje na ile sauti uliyokuja nayo Jumapili iliyopita. Usiipunguze.