Karnosini, Supu ya Mbuzi na Vidonge Ulivyoviacha

Mdogo wangu Zuwena,

Watu wengi hukosea hapa: wakisikia kwamba kitu fulani huenda kikaufaa mwili, hulitupa lile "huenda" wakabaki na kitu. Wewe umekosea hivyo, na aliyekukosesha ni mimi. Barua hii naiacha wazi, na wengine waisome, kwa sababu somo langu hukulisikia peke yako.

Nnaikumbuka nyumba yetu ya Hamriya, huku ugenini, miaka ya tisini, juu ya duka la vitambaa. Ulichemsha nyama ya mbuzi, ukaimwaga supu yote kwenye sinki ubaki na nyama ya kukaanga. Nikakwambia umemwaga kilicho bora.

"Kipi, povu?"

Nikaanza. Ndani ya misuli ya mnyama, na ndani ya misuli yetu, mna kitu kiitwacho karnosini. Mwili hukitengeneza wenyewe. Misuli ikifanya kazi ngumu hutoa asidi, nacho huipunguza makali. Tena huyeyuka majini, ndiyo maana hukimbilia kwenye supu.

"Mwalimu, utakula au utasomesha?" akauliza Mama, nawe ukacheka mpaka ukapaliwa.

Miaka ikapita. Mimi nikahamia mtaa wa Al Khoudh, wewe ukarudi Unguja, na huko ukaonekana una sukari. Nami, kwa furaha ya kupata la kueleza, nikakwambia kwenye simu kwamba sukari ikizidi hunasa kwenye protini za mwili, mishipa na macho vikaumia, na kwamba maabarani karnosini imeonekana kuzuia kunasa huko.

Ijumaa iliyopita ukaniambia umenunua kopo la vidonge vyake, na vya hospitali umeviweka kando mwezi mzima.

"Si wewe uliyesema?"

"Nilisema kwenye chupa za maabara, Zuwena."

"Na mie si chupa? Miaka yote hii nimemiminiwa dawa."

Kisha ukataja, kama jambo dogo, kwamba vidole vya mguu vimeanza kufa ganzi.

Basi pokea nusu ya somo niliyokunyima. Karnosini ukiimeza, damu huivunja haraka. Utafiti kwa wenye sukari bado mchanga. Huenda ikasaidia, na nnatumaini hivyo, lakini hakuna aliyeonyesha kuwa inaweza kushika nafasi ya dawa yako. Supu kunywa, kwa kiasi. Ganzi hiyo ni dalili kwamba sukari imeanza kuuumiza mguu, na mguu ukikatwa, kopo haliurudishi.

Mama alipokuwa hajiwezi, lifti imeharibika, miguu hiyo ndiyo iliyopanda ngazi za Hamriya kutwa, mimi niko darasani nikisomesha watoto wa watu. Sikubali ipotee kwa maneno yangu. Nitakupigia kila siku baada ya Asri. Ukinuna, nuna, kesho yake nitapiga tena.

Mungu akulinde, mtoto wa mama yangu. Leo hii, kabla hujainjika chungu, nenda kwa daktari wako ukapime sukari na umwonyeshe mguu.

Kaka yako