Mkono Uliobaki Begani

Jumatatu, 9 Agosti 2021

Makumbusho yamefungwa kwa lokdauni, lakini kibali cha uandishi kimenifikisha mjini. Makala: vipande vya sanamu za mawe kutoka Misri ya kale. Kimoja kimenishika — mwanamume, jiwe jeusi, hana kichwa wala miguu. Kando yake alikaa mkewe. Mke amevunjika kabisa, umebaki mkono tu, begani kwa mumewe. Vidole vizima. Mtunzaji alinieleza kwa simu: hawaongezi kilichopotea. Wanaonyesha kilichopo.

Aliyenifungulia ni mlinzi, Symphorien, Mkongomani anayeishi Auburn, kitongoji cha mji huu. Mcheshi! Ati yeye na huyo bwana wa jiwe ni marafiki, wote wanangoja bibi. Wa kwake, Généreuse, yuko Bukavu. Viza yake imelala tangu mipaka ifungwe. "Madame, andika muzuri. Serikali isome, inifungulie mulango."

Jumatano, 11 Agosti

Makala imeenda. Mvua.

Alhamisi, 12 Agosti

Simu kutoka kwa Mchungaji Déo, wa kanisa la Symphorien; Symphorien ndiye aliyempa namba yangu, kwa ajili ya makala. Généreuse amefariki. Homa, ghafla. Symphorien hajui — kila akipiga, shemeji zake wanamwambia simu ya dada yao imeharibika.

Kwa nini hawajamwambia? Mchungaji akasema kwao kifo hakisemwi kwa simu, mtu akiwa peke yake. Watu huenda, hukaa naye, ndipo mmoja husema. Sasa yeye yuko karantini, na waumini hawaruhusiwi kutoka mbali na nyumba zao. "Dada Kawira, weye uko na ruhusa ya kutembea. Utuendee."

Nikamwambia mimi si ndugu.

"Kwa leo uko ndugu."

Hata kwetu Meru ni hivyo. Sikubishana.

Ijumaa, 13 Agosti

Nimewaambia makumbusho nataka kuhakikisha kipimo kimoja. Uongo. Vipimo vyangu viko sawa.

Nimeripoti vifo vingi. Sijawahi kuwa wa kwanza kumwambia mfiwa.

Symphorien alikuwa zamu peke yake. Nimwambie pale, kisha nimwache na funguo na kumbi tupu? Nikapima jiwe. Yeye akanishikia ncha ya utepe, akisema atamtumia Généreuse simu mpya — "ile ya zamani ni ya wakati wa Nuhu!" Nikaandika sentimita. Nikatoka.

Naandika hapa nje, kwenye ngazi za mawe. Zamu yake haijaisha; ikiisha nitakaa naye, ndipo nimwambie. Upepo mkali, barakoa imelowa pumzi.

Mlango umefunguka. Ni yeye, amebeba kiti.

"Kaa, Madame. Haya mawe iko na baridi."

Nimekaa. Hajarudi ndani. Anauliza namngoja nani.